Mbegu Niliyoinywa

Ntendo, Sumbawanga
19 Novemba 2023

Kwako mdogo wangu Agnesi,

Salamu nyingi zikushukie huko ziwani kwenye joto, zinatoka huku kwenye baridi. Mimi mzima. Mgongo unasema maneno yake asubuhi lakini nikishika jembe unanyamaza wenyewe. Salome, mke wa marehemu Gabriel wangu, ni mzima. Wajukuu wazima, Benjamini yuko darasa la nne, na huyu mdogo Leonia anaongea tangu kuku wanafunguliwa mpaka wanafungiwa, akikosa mtu anaongea na mbuzi. Msalimie shemeji Victor na nyavu zake.

Usiniulize tena habari ya simu. Kwenye simu mtu anakudakia neno lako katikati. Barua haidakiwi. Na kalamu naijua, ulikuwepo wewe kwenye elimu ya watu wazima, mwalimu alisema mbele ya watu kwamba Zenon anaandika kama karani.

Sasa neno lenyewe. Ule mteremko alioachiwa Salome na Gabriel, mwaka huu tuliujaza ntumba. Usije ukasema ziwa limekusahaulisha ntumba. Mwezi wa pili tulifukia nyasi mbichi chini ya vifusi vya udongo, juu tukapanda maharage, tumeyala, na sasa nyasi zimeoza udongo umekuwa mweusi kama masizi ya chungu. Mvua ikishika tunabomoa, tunatawanya, tunamwaga ulezi. Watu wa siku hizi kazi hiyo wanaifanya kimya kimya, mtu na mkewe kama wanaiba. Mimi hapana. Mimi naita watu, napika kimpumu cha ulezi, watu wanakunywa, wanalima wanaimba. Padre alipomaliza misa nilisimama nikatangaza mwenyewe: Jumamosi tarehe tisa mwezi wa kumi na mbili, kwa Zenon.

Salome alileta ubishi kidogo. Ulezi wa mwaka jana ulikuwa mchache, kwenye kihenge imebaki mbegu tu. Nikamwambia aloweke hiyo hiyo.

"Baba, hiyo ni mbegu," akasema.

"Najua ni mbegu. Nimeijua kabla hujazaliwa."

"Tukiinywa, shambani tutamwaga nini?"

Nikamwambia siku hiyo hakuna atakayekuja kwangu mikono mitupu. Eustaki peke yake, huyu jirani, ana ulezi wa kulisha kata nzima. Watagombania nani atangulie kunipa.

"Umeshamwuliza Baba Eustaki?"

"Zenon haulizi. Zenon anapewa."

Akanuna, lakini aliloweka. Tutainywa kwa jina lako pia.

Ni mimi kaka yako, Zenon yule yule unayemjua.


Wampembe
3 Desemba 2023

Kaka yangu Zenon, shikamoo.

Barua yako imekuja na lori la samaki, inanuka migebuka kuliko mimi. Tunaendelea vizuri. Victor anashona nyavu, anakusalimu, anasema akizeeka anataka awe na sauti kama yako. Samaki wamekuwa wachache, tunakula kile kilichopo. Hongera kwa maharage.

Kaka, nilicheka niliposoma ya karani. Nilipofika kwenye mbegu nikaacha kucheka.

Hiyo mbegu si yako. Ni ya Salome na wale watoto. Kwa kuwa imeshalowekwa haiwezi kurudi kuwa mbegu, basi fanya jambo moja. Barua hii ikikufikia, usikae chini. Nenda kwa Eustaki. Mwambie, "Nipe mbegu." Maneno yenyewe ni hayo tu, hayana mfupa wa kukukwama kooni.

Na je, mvua ikianza siku hiyo hiyo ya pombe yako? Kila mtu atakuwa shambani kwake anamwaga vyake. Mvua haikusikia tangazo lako kanisani.

Usikasirike. Nakuandikia kwa sababu nakuheshimu.

Mdogo wako, Agnesi.


Ntendo
21 Januari 2024

Mdogo wangu Agnesi,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, ilinifikia baada ya Noeli, kwa hiyo mashauri yako yalikuta mambo yamekwisha. Mimi mzima kabisa. Mbuzi wamezaa. Mtoto wa Eustaki ameoa, ngoma ilikuwa ndogo.

Kimpumu kilikuwa kizuri. Hakijawahi kutokea kizuri kama kile. Mvua nayo ilishika vizuri, ilianza Ijumaa jioni, Jumamosi ilikuwa inamwaga kama imetumwa. Watu walikuja. Wengi wao walikuwa na shughuli lakini waliokuja walikuwa wa maana.

Shamba la mteremkoni mwaka huu linapumzika. Nimeamua mwenyewe. Udongo nao unachoka kama mtu, wataalamu wanasema hivyo hivyo kwenye redio. Ntumba ziko palepale hazijabomolewa, zinaendelea kuiva.

Salome na watoto wameshuka Muze kutembea. Alitaka kuona bonde, nikamruhusu. Nyumba sasa ina nafasi, nalala upande ninaoutaka, hakuna wa kuniuliza. Ugali najipikia. Wa kwangu ni mgumu, ugali wa mwanamume.

Salome akikupigia simu usisikilize kila kitu. Watu wakishuka bondeni lile joto linawaongezea maneno.

Nitumie dagaa kidogo lori likija.

Zenon, mwenye mji.


Wampembe
18 Februari 2024

Kaka Zenon, shikamoo.

Dagaa nimempa dereva, lakini barabara imekatika kwenye mteremko na malori yamelala. Barua hii naipeleka kwa boti mpaka Kasanga, kutoka pale itapanda na mtu. Huku wazima, Victor aliumwa tumbo amepona.

Salome alinipigia. Kwetu mtandao haushiki, nilipanda kilimani juu ya shule nikakaa kwenye jiwe tukaongea mpaka chaji ikaisha. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayehesabu punje.

Alisema Jumamosi ile walikuja walevi wawili, wakanywa, wakalala kwenye boma la mbuzi. Wengine wote walikuwa mashambani kwao. Alisema Jumapili yake alichukua kikapu ili aende kwa Eustaki kuomba mbegu, na wewe ukasimama mlangoni, ukasema mke wa mwanao hatembei na kikapu kama yatima. Akakwambia, "Baba, mvua inapita." Ukasema, "Ipite." Ilipita, kaka. Aliongeza kwamba Eustaki alimwambia baadaye kanisani, "Mbegu niliitenga, nilikuwa namngoja baba yako aje aseme."

Hajaenda kutembea. Amekwenda kutafuta chakula. Anapandikiza mpunga kwa Msukuma mmoja anaitwa Shigela, aliyehamia kule na ng'ombe wake, amempa kibanda. Anaondoka asubuhi anarudi jioni. Benjamini anashinda shule na Leonia anashinda peke yake kibandani. Watoto wa baridi wale, kaka, wamezaliwa mahali ambapo mbu ni wa kuhesabu. Kule chini mbu wanasikika kabla jua halijazama.

Shuka Muze. Mwambie Salome, "Nilikosa." Ukae na yule mtoto mama yake akiwa kazini. Hata usipomrudisha Salome mwaka huu, mtoto atakuwa na mtu.

Agnesi.


Ntendo
17 Machi 2024

Agnesi,

Salamu. Mimi mzima. Kwaresima inaendelea, nafunga, na mwaka huu kufunga kumekuwa rahisi.

Sasa sikiliza. Mimi ni Zenon mtoto wa Yohanes, baba yetu sote wawili. Nani alimfundisha kila kijana hapa kugeuza nyasi? Ni mimi. Nani alibeba ile kengele ya kigango kutoka mjini kichwani wakati gari limekwama? Mimi. Leo niteremke bondeni, nivuke mji mzima watu wananiangalia, niende kusimama kwenye mpunga wa mtu wa kuja, nimwambie mtoto wa kike niliyemlipia mahari kwamba nilikosa? Nilikosa nini? Mvua ndiyo iliyokosa siku.

Na Eustaki ni mwongo. Mtu aliyetenga kitu anakileta. Hangoji mwenzake aje apige magoti.

Mtoto kushinda peke yake si ajabu. Sisi tulilelewa na nani? Na mbuzi. Leonia ni Mfipa, atazoea. Salome akichoka na matope atapanda, ana miguu. Nitamngoja hapa hapa mlangoni, wala sitamsema.

Leo nilipita mteremkoni. Sikuwa na kazi pale, nilipita tu. Zile ntumba zimeota nyasi mpya juu, ndefu mpaka magotini. Nilisimama kidogo. Halafu mke wa Eustaki akapita na mzigo wa kuni akaniamkia, nikajifanya natafuta mbuzi.

Mahindi ya nyuma ya nyumba yana vibunzi. Nachoma kimoja kimoja.

Zenon.


Wampembe
7 Aprili 2024

Kaka, shikamoo. Pasaka njema iliyopita. Tuko wazima.

Nakuomba ushuke Muze wiki hii. Usingoje wiki ijayo. Usiniulize kwa nini, kuna jambo nimeapishwa nisiseme, na kiapo ni kiapo. Lakini ungekuwa unanijua unavyosema unanijua, ungeiacha barua hii mezani na kutafuta viatu.

Kama neno la kukosa ni gumu, liache. Shuka tu.

Agnesi.


Ntendo
5 Mei 2024

Mdogo wangu Agnesi,

Marahaba. Huku mvua zimekoma, asubuhi baridi inauma masikio. Mimi mzima, nimepungua kidogo lakini suruali ina mkanda.

Nilikwenda. Nataka ujue hilo, kwamba nilikwenda. Barua yako ilipofika, wiki mbili zilizopita, niliisoma mara mbili, nikavaa koti, nikachukua jogoo mmoja wa kuwapelekea, nikapanda mpaka mjini Sumbawanga, mpaka pale yanapopakia magari ya Muze. Gari lilikuwepo. Konda akasema, "Mzee panda, siti ya mbele ipo." Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja.

Nikasikia nyuma yangu, "Zenon! Unashuka bondeni?"

Ni Eustaki, ana gunia begani.

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kununua chumvi."

"Na jogoo?"

"Jogoo ninauza."

"Nipe mimi basi."

Sasa ningefanyaje, Agnesi? Nikampa. Nikaenda dukani nikanunua chumvi, kwa sababu nilikuwa nimeshasema chumvi. Nikarudi njia nzima pamoja naye, anaongea habari za bei ya mahindi, na mimi najibu. Tulipofika njia panda akasimama, akaniangalia, nikaona kuna kitu anataka kusema. Nikamuaga kabla hajakisema.

Chumvi niliyonayo haitaisha nikiwa hai.

Nikikaa hapa jioni nasikia kama kuna mtu anaongea na mbuzi. Nikitoka hakuna. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia na barua haicheki mbele yako.

Hicho kiapo chako kinahusu nini? Niambie. Ukiniambia nitashuka.

Zenon.


Wampembe
19 Mei 2024

Kaka, shikamoo. Leo salamu ziishie hapo.

Umeandika nikikwambia utashuka. Hicho ndicho Salome alichokikataa. Leonia alianza homa mwezi wa tatu, ikawa inakwenda na kurudi. Nikamwambia Salome nitakuandikia ili uje. Akasema, "Shangazi, usimwambie. Asije kwa sababu mtoto anaumwa. Aje kwa sababu amekosa. Akija kwa huruma atakaa siku mbili, atatupongeza kwa uvumilivu, na atarudi kwake vilevile alivyo." Nikaona ana haki. Nikaapa.

Siku chache baada ya wewe kurudi na chumvi yako, Leonia aliamka na homa. Alikuwa ameshapata dawa zahanati, Salome akamwachia maji na uji, akaenda palizi, kwa sababu asingekwenda wasingekula. Benjamini alikuwa shule. Mtoto alishikwa na degedege akiwa peke yake. Muda gani, hakuna ajuaye. Benjamini ndiye aliyemkuta, alikuwa ameanguka mlangoni, nusu ndani nusu nje. Shigela aliwabeba kwa pikipiki yake mpaka hospitali, na kule walipigana naye siku kadhaa. Walisema malaria imepanda kichwani.

Hakufa. Lakini haongei, kaka. Neno hata moja. Mkono wa kushoto umejifumba, haukunjuki. Daktari alisema huenda mambo yakarudi kidogo kidogo, huenda yasirudi.

Kama kungekuwa na mtu mzima pale kibandani asubuhi ile, hata asiyejua kitu, hata wewe na kelele zako, angemwona anaanza kutetemeka na angeita watu. Nalisema hili kwako na kwangu. Wewe ulikaa kwa kiburi, mimi nilikaa kwa kiapo. Nilipanda kile kilima kila Jumapili kumsikiliza mama yake, nikashuka, nikapika, nikala. Sijui la kwangu nitalipeleka wapi.

Sikuombi tena ushuke. Fanya utakavyo.

Agnesi.


Muze
23 Juni 2024

Mdogo wangu Agnesi,

Marahaba ya barua zako zote, hata zile nilizozijibu vibaya. Victor hajambo? Nyavu je? Benjamini anakusalimu, amerefuka. Salome nilimwuliza kama nimwandikie salamu, akasema mwandikie.

Barua yako niliipata Jumatano, asubuhi yake nilifunga nyumba. Sikupita uchochoroni. Nilipita kwa Eustaki, alikuwa anapukuchua mahindi, nikasimama uani kwake nikamwambia, "Nakwenda Muze. Nilikunywa mbegu ya mkwe wangu, nikamzuia kuja kwako, akaondoka, na mtoto ameharibika." Aliweka gunzi chini. Akasema, "Ningekupa, Zenon." Nikasema, "Najua." Alinisindikiza mpaka barabarani. Mbuzi nimemwachia yeye.

Sasa nikuambie nilivyofika. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Niliyapanga vizuri mno, hilo ndilo tatizo. Nilimkuta Salome uani kwa kibanda, na wanawake wengine wawili, wanapeta. Nikavua kofia nikaanza kwa sauti yangu yote, "Salome! Mimi baba yako Zenon nimekuja hapa mbele ya watu hawa wote..." Ndani ya kibanda nikasikia mtoto analia. Si kulia kama kule anakolia mtoto aliyeanguka. Kama mnyama mdogo aliyebanwa na mlango.

Salome akainuka. "Punguza sauti," akasema. "Kelele zinamtisha."

Nikabaki nimeshika kofia. Akaingia ndani kumtuliza, mimi nangoja nje kama mtu wa kuuza vyombo, wale wanawake wananiangalia chini chini.

Nilikuja kusema kesho yake, shambani, alipokuwa anang'oa magugu. Nilisema polepole. Nilisema, "Nilikosa. Mbegu ilikuwa yako. Ningekwenda kuomba mwenyewe, au ningekuacha uende. Na nilipoambiwa nishuke ningeshuka." Hakuacha kung'oa. Nikangoja. Akafika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akasema, "Ungekuja mwezi wa tatu."

Akainama akaanza mstari mwingine. Naamka nalo lile neno, nakula nalo.

Nilimwuliza kama watapanda na mimi kurudi Ntendo. Akasema hapana. Benjamini amezoea shule, hospitali inayomjua mtoto iko huku, na Shigela amempa kipande chake mwenyewe cha mpunga. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mteremko wa Gabriel mpe Eustaki alime. Yeye alitenga mbegu." Nimempelekea Eustaki neno hilo. Nikamwuliza Salome, na mimi je? Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. Akasema, "Kuna kazi ya ndege."

Basi naamia ndege. Mpunga unaiva, ndege wadogo wanashuka makundi makundi, na kazi ya kuwafukuza huku ni ya watoto na wazee. Kuna dungu katikati ya shamba, nakaa pale juu na Leonia kutwa, mama yake yuko anakomuona. Namlisha, namfukuzia nzi, namnyoosha vile vidole vya kushoto kimoja kimoja kama muuguzi alivyonionyesha. Vinarudi vilivyokuwa. Ninanyoosha tena. Nimeongea naye Kifipa, nimemtajia mbuzi wote kwa majina. Macho yake yanapita juu yangu kama mimi ni mpita njia tu.

Siku ya kwanza ndege waliposhuka nilipiga ukelele wa kwetu, ule unaosikika bonde la pili. Leonia alijikunja akatetemeka nikadhani degedege limerudi. Sijapiga tena. Nikawa nashuka dunguni, nakimbia kwenye matuta ya maji napunga shuka, bila sauti, na miguu yangu hii. Upande ninaoufikia ndege wanaruka, upande mwingine wanakula. Shigela akaja na fimbo yake, akatazama suke lililobaki makapi.

"Mzee, ndege wanamaliza chakula cha binti yako. Mbona hupigi kelele? Nasikia una sauti."

"Mtoto anaogopa," nikasema. Kisha nikamwambia, "Sijui wanafukuzwaje kimya. Nionyeshe."

Alicheka kwanza. Halafu alikwenda kuleta kamba na vipande vya mifuko ya nailoni, akanionyesha jinsi ya kuifunga kutoka dungu mpaka kwenye miti, ukivuta hapa kule kote kunayumba na kumetameta. Nilifunga vibaya, ikalegea. Akaifungua, akasema, "Siyo hivyo mzee, anza upande wa jua." Nikaanza upande wa jua. Bado wanakula kidogo, lakini kidogo kuliko jana.

Salome haniiti baba. Anasema "mzee", kama wanavyosema wengine. Chakula ananipa sahani yangu, kinajaa, anaweka chini na kuondoka. Sijui kama itabadilika, na sijamuuliza. Mtoto naye sijui. Hospitali wanasema tungoje. Wakati mwingine pale dunguni nafikiri kwamba nimejifunza yote haya kwa gharama ya mtu mwingine aliyekuwa hajui hata kusoma, na kwamba mimi nimebaki na akili yangu na mikono yangu miwili mizima. Nikifika hapo nashika kamba navuta, hata kama ndege hawapo.

Juu ya kiapo chako, usijibebe peke yako. Aliyetakiwa kushuka ni mimi.

Ntendo nimepafunga, hakuna mtu wa kupokea. Ukiandika, andika Muze, nyumbani kwa Salome. Nipo kwake.

Zenon